Mimi, Mama Mkwe na Betri Iliyokufa Kila Tukilala

Mliponiuliza kwa nini safari ya kutoka Mwihoko hadi Thika, ambayo mtu huimaliza chai ikiwa bado moto kwenye thamosi, ilinichukua siku mbili, nilijibu tu kwamba gari lilisumbua. Ni kweli, lakini jibu hilo halielezi kitu. Sasa nimepumzika, kwa hivyo kaeni niwasimulie. Nawaonya mapema kwamba kuna mahali hata mimi niliyekuwa nimeshika usukani sikuelewa, na kuna mengine bado nayawaza nikioga.

Mwihoko

Gari lenyewe ni Pijo 404 jeupe la marehemu baba mkwe wangu. Tangu azikwe lilikuwa limekaa kwa fundi Karis, hapa Mwihoko karibu na kwetu. Mama mkwe ndiye aliyemwagiza Karis alifufue. Dainamo ya zamani, ile inayochaji betri, ilikuwa imekwisha kabisa na nyingine haipatikani, basi Karis akaing'oa akaweka altaneta. Alipomaliza, mama mkwe alikuja kwetu Ijumaa na kutangaza kwamba anataka gari liwe limesimama kwake, ng'ambo ya Thika, kabla ya Jumatatu. Jumatatu alikuwa na kliniki ya macho. Mke wangu Wanjiru aliniambia ni kupimwa tu.

Mpango ulikuwa twende watatu. Jumamosi asubuhi Wanjiru akaitwa kiwandani kushika zamu ya mwenzake aliyeugua, nikabaki mimi na mama mkwe.

Wale mnaotoka kwetu Bungoma mmeshaanza kushika vichwa. Kwa wengine, niseme hivi: kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono, hawali meza moja, wala hawatazamani usoni. Mama ni Mkikuyu na hakulelewa hivyo, lakini siku ya ruracio, tulipopeleka mahari, alielezwa mila zetu, na tangu hapo amezishika kuliko mimi. Miaka yote hiyo mazungumzo yetu yamekuwa ni salamu, na kuulizana kama mvua imenyesha.

Alifungua mlango wa nyuma akaketi upande ule mwingine, mbali nami kadiri gari lilivyoruhusu.

Karis aliinama dirishani kwangu. "Mwalimu, hii sasa ni kama mpya. Uone hapa, hii ni taa ya chaji. Ukiwa unaendesha na iwake red, jua kuna shida, unipigie. Isipowaka, songa."

Nilisonga. Mvua ilitupata tulipoingia Eastern Bypass, nikawasha taa kubwa na waipa, na njia nzima jicho langu moja lilikuwa barabarani na lingine kwenye ile taa ya chaji. Haikuwaka hata mara moja. Nilifurahi sana.

Kamakis

Nilisimama Kamakis kwa sababu Mama aliomba msala, na kwa sababu moshi wa nyama ulikuwa umeingia garini. Nilimwonyesha Mama meza nzuri ukumbini, kisha mimi nikaenda kuketi nje, mgongo ukiwa upande wake, kama inavyotakiwa.

Mhudumu hakuelewa. Aliniletea sahani, akampelekea Mama nyingine, akaja tena.

"Mzee, yule mama hamjaelewana?"

"Tumeelewana vizuri sana."

"Sasa mbona amekataa kukaa na wewe?"

"Hajakataa. Ni heshima."

Alitikisa kichwa akaenda kumuuliza Mama, na Mama, ambaye Kiswahili chake huja polepole, akamjibu kitu kwa Kikuyu kilichomfanya anitazame kwa huruma. Nyama ilichelewa, ugali ukachelewa zaidi, na tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Nikaingia garini, nikazungusha ufunguo, gari likasema tik. Nikazungusha tena. Tik.

Nilimpigia Karis.

"Ile taa ya red imewaka?" akauliza.

"Haijawaka hata kidogo."

"Hapo umeniweza. Kama haijawaka, chaji iko. Labda ni betri imechoka. Tafuta watu wasukume."

Walikuja vijana wawili wa hoteli, yule mhudumu, na mteja mmoja aliyekuwa bado ameshika mfupa. Nilitia gia ya pili, nikakanyaga klachi, gari likaanza kuviringika. Nilipotazama kioo niliona kitambaa cha kichwa cha Mama. Alikuwa ameegemeza mikono yake miwili kwenye buti, anasukuma na wengine.

Mama mkwe wangu. Ananisukuma. Nikakanyaga breki kwa aibu.

"Mzee, sasa unafanya nini?" yule wa mfupa alipiga kelele. "Achilia!"

"Mama atoke kwanza!"

"Endesha gari, Baba Nanjala!" Mama akasema kutoka nyuma, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Nanjala ni binti yangu wa kwanza. Nikaachilia klachi, gari likarukaruka, likanguruma.

Alirudi kiti cha nyuma akihema. Sikujua mtu humwambia nini mama mkwe aliyemsukumia gari. Nikasema, "Mvua imekatika."

"Imekatika," akasema.

Ruiru

Hatukufika mbali. Tukikaribia mjini Ruiru injini ilianza kukohoa, honi ikatoa sauti ya mbuzi mgonjwa, na gari likazima lenyewe. Bahati nzuri liliviringika likasimama karibu na kibanda cha fundi wa umeme wa magari, mtu mwembamba anayeitwa Odhiambo. Alisukuma nasi mita chache za mwisho, akafungua boneti, akagusisha waya za mita yake kwenye betri.

"Hii betri haina kitu. Tangu mtoke nyumbani imekuwa ikitumika tu, hairudishiwi."

"Lakini taa ya chaji haijawaka," nikamwambia, nikijua nimempa ushahidi mkubwa.

"Weka swichi on, usistart." Nikaweka. Akachungulia. "Iko wapi hiyo taa?"

"Si nimekuambia haiwaki? Iko sawa."

"Hapo ndio shida iko. Lazima iwake kwanza, halafu gari ikishika, izime."

"Kwa hivyo ikiwaka kuna shida?"

"Ikiwaka gari ikitembea, kuna shida. Isipowaka kabla gari haijatembea, pia kuna shida."

Nilimwomba arudie. Alirudia. Nikatingisha kichwa kama mwanafunzi wa nyuma ya darasa anayeomba tu kengele ilie. Kwa maelezo yake, altaneta ikiwa imelala huamshwa na moto kidogo wa umeme unaopitia kwenye balbu ile, na balbu yenyewe ilikuwa imeungua. Basi altaneta ilikuwa inazunguka bure, kama pangaboi ambalo halijawashwa.

Aliweka balbu mpya. Betri akaifunga kwenye chaja na kutuambia tusubiri. Mama alipewa kiti kivulini. Nilisimama upande wa pili wa gari, na kila mtu aliyepita alinisalimia mimi, kisha akamsalimia yeye, kisha akatutazama tena.

Mchana ulikuwa umekwenda Odhiambo aliporudisha betri. Nikaweka swichi: taa nyekundu. Nikawasha injini: taa ikazimika. Mita ikapanda hadi karibu volti kumi na nne, na Odhiambo akasema hiyo ndiyo chaji. Nilitaka kumkumbatia.

"Twende, Mama," nikasema.

Mama aliinua uso kuelekea mbinguni. "Jua limeenda wapi?"

"Bado liko, ni mawingu tu. Tutafika kabla ya giza."

"Basi hatuendi."

"Mama, Thika ni hapo tu."

"Nimesema hatuendi, Baba Nanjala. Tutaenda kukiwa kweupe."

Sikuelewa. Niliwaza kwamba anaogopa majambazi. Halafu nikawaza kwamba anaona haya kuingia kijijini kwao jioni, peke yake na mkwe. Halafu nikawaza lile lililoniuma zaidi, kwamba haniamini nikiendesha. Tulikwenda kwa rafiki yake wa kanisani anayeitwa Mama Kezia, anayeishi hapo Ruiru. Mama alilala ndani, mimi nikapewa chumba cha nje. Pijo lilisimama katikati yetu uani.

Jumapili asubuhi, jua likiwa limetoka vizuri na Mama akiwa ameshaketi nyuma na mkoba wake, nilizungusha ufunguo.

Tik.

Niliketi pale. Nilizungusha ufunguo tena, polepole, kama mtu anayejaribu kumwamsha mgonjwa. Tik. Balbu ilikuwa mpya, altaneta ilikuwa imeamka, mita ilikuwa imepanda mbele ya macho yangu. Odhiambo hakushika simu. Kibanda chake hufungwa Jumapili. Karis alishika, akanong'ona.

"Haiwezekani, mwalimu. Niko kanisani. Nitakupigia."

Mama Kezia alimwita jirani mwenye pikapu, akatuwekea jampa kutoka betri yake, na gari likawaka mara moja, kama mtu ambaye hajafanya kosa lolote.

Kituo cha petroli, mbele ya Juja

Barabara ya Thika ilikuwa nyeupe kwa jua na taa ya chaji ilikaa imezimika, jambo ambalo sasa sikujua kama linanifurahisha. Petroli ilikuwa inaisha. Mhudumu wa kituo alikataa kujaza mpaka nizime injini. Nilimbembeleza. Akakunja mikono. Nikazima, akajaza, nikazungusha ufunguo, na gari likawaka bila hata kusita.

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Lilikuwa linachaji na lilikuwa linawaka. Sasa lilikuwa linauawa na nini likilala?

Mama alikuwa ameenda msalani. Nilisogeza gari pembeni nikangoja. Nikangoja sana. Mwishowe niliona mtu mnene mwenye kofia amesimama kando ya gari lake jeupe, mlango wa nyuma wazi, anakuna shingo.

"Boss," akaniita, "huyu mama ni wako?"

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyuma cha gari lile, mkoba mapajani, anatazama mbele, anangoja safari iendelee.

"Mama," nikasema kwa upole, "gari letu liko kule."

Hakuinuka. Vidole vyake vilipapasa kiti. "Nilisikia kiti ni kizuri sana," akasema. "Nikafikiri labda Karis alibadilisha na sikuwa nimegundua."

Yule mwenye gari alicheka, akaona mimi sicheki, akaacha. Nikampa Mama mkono. Sikufikiria mila hata kidogo mpaka tulipokuwa katikati ya uwanja, mkono wake ukiwa umeshika wangu kwa nguvu.

Tulipofika kwenye Pijo hakufungua mlango.

"Sioni, Baba Nanjala. Naona ukungu. Jua likiwa kali naona kitu cheupe, kitu cheusi. Jioni hata hicho sioni."

"Wanjiru anajua?"

"Anajua ni mtoto wa jicho. Hajui ni kiasi hiki. Nitamwambia mwenyewe. Jumatatu si kupimwa. Wanapasua hili la kulia. Daktari alisema litakuwa sawa, lakini daktari si Mungu. Kama halitarudi, nataka niwe nimeiona gari imesimama pale ilikuwa ikisimama."

Nilikumbuka jioni ya Ruiru na yote niliyomfikiria. Nikamfungulia mlango. Ule wa mbele.

Alipapasa kiti, akakijua, akaketi.

Karibu na Kiandutu

Simu ya Karis ilikuja tulipokuwa tumeingia Thika na kukata kuelekea barabara ya Garissa. Nilimwambia kila kitu, kuanzia balbu, jampa, hadi kituo cha petroli.

"Inachaji, halafu ikilala inakufa," akasema. "Sasa kuna kitu inakula moto usiku. Simama mahali. Zima, usiguse chochote, nataka niikute imelala. Nakuja mimi mwenyewe."

"Karis, ni Jumapili. Kutoka Mwihoko?"

"Mwalimu, hiyo ni gari ya marehemu Mzee. Nakuja."

Ningeweza kuendelea tu hadi nyumbani. Lakini asubuhi gari lingekuwa maiti getini, na Mama alikuwa ameshaniambia kwamba Jumatatu anataka apelekwe hospitali ndani yake. Nilisimama kando ya barabara, upande wa Kiandutu, karibu na mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi. Nilinunua mawili bila kufikiri. Nilipoingia garini ndipo nilipotambua kwamba tumeketi kiti kimoja cha mbele na chakula mikononi.

Mama alinusa. "Yana pilipili na ndimu?"

"Yako nayo, Mama."

"Basi tule. Mimi sikuoni, na wewe angalia barabara."

Tulikula tukitazama mbele. Alinisimulia kwamba Mzee alimfunza kuendesha gari hilihili kwenye barabara za mashamba ya kahawa, akaligonga kwenye mti wa kivuli, na Mzee akawaambia majirani kwamba ni yeye aliyegonga. Nami nilimwambia jinsi nilivyoogopa siku ya ruracio hata nikasahau jina la baba yangu. Alicheka mpaka punje za mahindi zikamwangukia kitambaani.

Karis alifika na pikipiki, suti ya kanisani mwilini, mfuko wa vifaa begani. Alivua koti akampa mwenye mahindi amshikie. Akafungua waya mmoja wa betri, akaweka mita katikati ya waya na betri, akanionyesha: gari limezimwa, ufunguo ninao mfukoni, lakini mita inaonyesha moto unakwenda mahali.

"Tunaanza fyuzi," akasema. Alichomoa moja. Mita haikushuka. Akachomoa nyingine, na nyingine, mpaka zikaisha. Akafungua waya mnene wa altaneta. Wapi. Watu walikuwa wamekusanyika, kila mmoja na dawa yake. Mmoja alisema ni redio. Hatukuwa na redio. Mwingine alisema magari ya zamani hayapendi kusimama upande huu wa barabara.

Karis alikuna kichwa. "Mwalimu, nitasema ukweli. Hii sielewi."

Mama alikuwa ameteremka. Alikuja akifuata mwili wa gari kwa mkono, kutoka mlangoni hadi kwenye boneti iliyofunguliwa, akaegemea ndani ili asianguke.

"Hapa mbona ni moto?" akauliza.

"Ni injini, Mama," nikasema.

"Ngai, kwani injini siijui? Injini iko kule, imepoa. Hiki kitu kidogo hapa pembeni, hiki ndicho moto."

Karis aliweka kiganja pale ulipokuwa mkono wake. Kilikuwa kisanduku cheusi kilichofungwa ukutani mwa gari, chini ya boneti. Aliinama akakichungulia.

"Hii ni regulator ya ile dainamo, ilikuwa inapima chaji yake," akasema mwishowe. "Mama, si uliniambia nisitupe kitu yoyote ya Mzee?"

"Nilikuambia."

"Sasa nikaiacha. Na waya za altaneta nikaziunga hapo hapo kwake, juu ya vile nilijua haina kazi tena. Kumbe ndani inakunywa betri usiku kucha. Na mimi ndio niliiunga."

"Na mimi ndiye nilikataza itolewe," Mama akasema. "Basi tuko wawili."

Karis alifungua zile waya, akaziunganisha pembeni kwa skrubu, akazifunga vizuri kwa tepu. Mita ikaanguka karibu na sifuri. Watu wakapiga makofi, hata yule wa redio.

"Umeitoa?" Mama akauliza.

"Hapana. Iko pale pale, lakini haina waya. Imekaa tu."

"Ikae tu," akasema Mama. "Hata mwenyewe miaka ya mwisho alikuwa amekaa tu, na tulimpenda."

Nyumbani

Jua lilikuwa bado kali tulipofika. Wanjiru alikuwa ametangulia kwa matatu, akatoka mbio kufungua geti, lakini Mama aliniambia nisimame nje. Aliteremka, akapapasa hadi kwenye nguzo ya geti, akaiegemea, akamwambia Wanjiru aondoke njiani.

"Sasa ingia. Polepole."

Niliingia polepole kadiri gari lilivyoweza bila kuzima, nikalisimamisha chini ya paa la mabati. Niligeuka. Mama alikuwa ameinua kidevu, macho yameelekea kwangu, lakini si kwangu hasa.

"Nimeona," akasema. "Nimeona nyeupe imepita."

Wanjiru alinitazama, akamtazama mama yake, na nikaona anaanza kuelewa. Nikawaacha wazungumze.

Jumatatu asubuhi niliweka ufunguo huku nimefumba macho. Taa nyekundu ikawaka, injini ikashika, taa ikazima, na hatimaye nikajua kwamba hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tukampeleka.

Siku bandeji ilipotolewa tuliruhusiwa kumrudisha nyumbani mchana. Aliposhuka garini alisimama akalitazama Pijo kwa jicho lile jipya. Akalizunguka. Aligusa kutu kwenye mlango, akagusa ufa wa taa ya nyuma.

"Haiya! Kumbe imezeeka hivi?" akasema. "Na hakuna mtu aliniambia."

Kisha akageukia upande wangu. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikitazama viatu vyangu, kama nilivyofanya tangu nioe kwake.

"Baba Nanjala, inua uso nikuone."

Nilimtazama Wanjiru. Wanjiru akatazama pembeni. Nikainua uso. Mama mkwe wangu alinikagua kwa muda mrefu, kuanzia paji la uso hadi kidevuni, bila haraka yoyote.

"Una mvi," akasema, kwa mshangao wa kweli. "Miaka yote hii, mimi nilikuwa bado namwona yule kijana aliyesahau jina la baba yake."